Mkate Uliotiwa Chachu na Mkate Usiotiwa Chachu: Mwongozo Kamili wa Kuuelewa kwa Mikono na kwa Maandiko

Weka chapati moja na andazi moja kwenye sahani. Vyote viwili vimetoka kwenye mfuko uleule wa unga wa ngano, vimekandwa kwa maji yaleyale, pengine na mkono uleule. Pasua chapati: utakuta tabaka zimelaliana. Pasua andazi: ndani ni wazi, kuna matundu, na ukilisogeza puani linanukia hamira. Kwa hiyo mwenye kula chapati na maandazi ana somo la chachu mezani kwake tangu utotoni, hata kama hajawahi kulitazama hivyo.

Mimi ni shemasi wa kike katika kanisa la Waadventista wa Sabato, na kwa miaka mingi nimekuwa mmoja wa wanaooka mkate wa Meza ya Bwana. Swali ninaloulizwa kuliko yote, hasa na vijana wanaojiandaa kubatizwa, ni hili: kwa nini mkate huu hautiwi chachu? Wengi wamezoea kujibu kwamba chachu ni dhambi, basi. Jibu hilo lina ukweli, lakini ukilishika peke yake utakwama ukifika Mathayo 13, na utakwama zaidi ukifika Walawi 23. Nimeona njia nzuri ya kulielewa jambo hili ni kuoka mikate yote miwili mwenyewe, ya pili kwa chachu uliyoilea nyumbani, ndipo ufungue Biblia. Utahitaji wiki moja hivi.

Kwanza tuelewane juu ya maneno

Hamira tunayonunua dukani, ile ya chembechembe, ni hamira ya kiwandani. Ndani yake kuna viumbe hai vidogo sana vya jamii ya kuvu, ambavyo wataalamu huviita *Saccharomyces cerevisiae*. Vikipata maji, joto na unga, hula sukari na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo hunaswa kwenye utando wa unga wa ngano unaoitwa gluteni, na donge linaumuka.

Hamira ya namna hii ilianza kutengenezwa viwandani katika karne ya 19. Musa hakuijua, na mama yake Yesu hakuijua. Chachu yao ilikuwa kipande cha donge la jana. Mwanamke akikanda unga alikata donge dogo, akaliweka kando likazidi kuchacha, na siku ya kuoka alilichanganya na unga mpya. Kiebrania kina neno mahususi kwa donge hilo, *seori*, na neno jingine, *hametsi*, kwa kitu chochote kilichochacha. Mkate usiochacha ni *matsa*.

Kiswahili chetu kinatusaidia hapa, kwa sababu chachu ni ndugu wa kuchacha. Wali wa jana ukichacha hakuna aliyeutia kitu, umechacha wenyewe. Shika jambo hilo, tutalihitaji.

Hatua ya kwanza: oka mkate usiotiwa chachu

Unahitaji vikombe 2 vya unga wa ngano (gramu 250 hivi), nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko 4 vya mezani vya mafuta ya zeituni au alizeti, na maji baridi kati ya mililita 80 na 100. Hivi ndivyo tunavyooka kanisani kwetu. Wengine hawatii mafuta wala chumvi, na nitawaeleza mbele.

Kabla ya kumimina unga, soma maandishi ya mfuko hadi mwisho. Kuna unga unaouzwa ukiwa tayari umechanganywa na baking pauda, na mifuko yake inafanana sana na ile ya kawaida. Mwaka mmoja nilinunua mfuko huo usiku, dukani kulikuwa na taa hafifu, na asubuhi nikashangaa mkate wa Meza ya Bwana unavimba ndani ya oveni kama skonzi. Ilibidi nianze upya saa moja kabla ya ibada. Tangu siku hiyo nanunua unga siku tatu kabla na kuusoma mchana.

Washa oveni kwanza, nyuzi 200 za Selsiasi, ndipo uguse unga. Changanya unga na chumvi, tia mafuta, sugua kwa vidole hadi uwe kama chengachenga. Ongeza maji kidogo kidogo. Donge liwe gumu kuliko la chapati. Likinata mkononi umezidisha maji. Kanda dakika mbili tatu tu, kisha sukuma kwenye kibao hadi unene wa milimita 3. Chora mistari ya miraba kwa kisu bila kukata hadi chini, ili baadaye umegeke kirahisi. Chomachoma kila mraba kwa uma. Vitundu hivi vinatoa mvuke. Ukiviacha, mkate utafura mapovu makubwa hata kama hauna chembe ya chachu.

Oka dakika 12 hadi 15, kingo zikianza kuwa kahawia toa. Kama huna oveni, tumia chuma cha chapati kikavu, bila mafuta juu, kwa moto mdogo wa mkaa, ukigeuza mara kwa mara. Utakuwa na madoa meusi kidogo, na hayo hayana neno. Hata mkate walioula waliotoka Misri haukuokwa kwenye oveni ya umeme.

Onja kipande kikiwa moto, kisha kingine kikishapoa. Ni mkavu, una ladha ya ngano tupu, na unavunjika kwa sauti. Usiujazie ladha akilini mwako. Kumbukumbu la Torati 16:3 inauita mikate ya mateso, na inaeleza sababu yake papo hapo: mlitoka Misri kwa haraka. Kutoka 12:34 inasema watu walichukua donge lao kabla halijatiwa chachu, vyombo vya kukandia vikiwa vimefungwa katika nguo zao mabegani. Mwenye kukanda kila siku anauona mkasa huo vizuri: bakuli la unga mgongoni, na huna muda wa kusubiri uumuke.

Dakika 18

Hapa lazima tuwasikilize Wayahudi, kwa kuwa hawa wameishika Pasaka, sikukuu ya mikate isiyotiwa chachu, kizazi kwa kizazi. Sheria yao inasema kwamba ngano, shayiri na nafaka nyingine tatu za jamii hiyo zikikutana na maji na kuachwa bila kushughulikiwa dakika 18, zimeshahesabiwa kuwa zimechacha. Kipimo hicho kilitokana na muda wa mtu kutembea mili moja ya kale, ambayo ni kama kilomita moja. Tangu maji yaguse unga hadi mkate uingie tanuri, mikono haisimami. Iko hata matsa inayoitwa *shmura*, maana yake iliyolindwa: ngano yake huangaliwa tangu kuvunwa isiguswe na maji.

Sasa rudi kwenye chapati yetu. Hatukuitia hamira, lakini donge tulilifunika likakaa nusu saa ili lilainike. Kwa hesabu ya Wayahudi chapati hiyo ni hametsi, na haiingii nyumbani wakati wa Pasaka. Wengi wakisikia hivi mara ya kwanza wanapinga: haijatiwa kitu! Ndiyo, na wali wa jana pia haukutiwa kitu. Chachu iko tayari kwenye nafaka yenyewe na kwenye hewa ya jikoni. Kinachotakiwa ili ianze kazi ni muda tu. Kwa hiyo mkate usiochacha haupatikani kwa kuacha kununua hamira. Unapatikana kwa kuulinda. Jambo hili sikulielewa kwa kusoma, nililielewa siku nilipoweka saa mezani na kujaribu kumaliza ndani ya dakika 18. Jaribu nawe. Mara yangu ya kwanza nilifika 23.

Jioni ya kuamkia mkesha wa sikukuu, familia ya Kiyahudi hupita nyumba nzima na mshumaa ikitafuta mabaki ya chachu, pembeni mwa kabati, chini ya viti, mifukoni mwa makoti. Yanayopatikana huchomwa asubuhi. Kisha siku saba, kama Kutoka 12 inavyoagiza, hazina mkate uliochacha. Walio nje ya Israeli wengi wao hushika siku nane.

Tunao Wayahudi hata hapa Afrika Mashariki. Abayudaya wa Mbale, Uganda, walianza mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu. Idi Amin aliwapiga marufuku. Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni waliitwaa Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyohiyo ndipo Pasaka ya Kiyahudi ya mwaka ule ilipoanza. Kila nikifika kwenye habari ya kutoka kwa haraka, nawakumbuka watu wale.

Hatua ya pili: lea chachu yako mwenyewe

Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Siku ya kwanza tia gramu 50 za unga wa ngano usiokobolewa, ule tunaouita ata, na mililita 50 za maji. Maji ya bomba yachemshwe na yapoe, au yakae wazi usiku kucha, ili klorini ipungue. Koroga, funika kwa kitambaa, weka kivulini.

Siku ya pili toa nusu, ongeza tena gramu 50 za unga na mililita 50 za maji. Fanya hivyo kila siku saa ileile. Katika joto la Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura utaona mapovu mapema, pengine siku ya pili, na harufu isiyopendeza. Usidhani imekamilika. Mapovu hayo ya mwanzo ni ya bakteria wengine ambao hawatadumu. Siku ya tatu au ya nne mara nyingi kunakuwa kimya, na hapo ndipo watu wengi hutupa. Vumilia. Uchachu ukiongezeka, wale wasiotakiwa wanakufa, na wanabaki kuvu wa kuumua pamoja na bakteria wa asidi ya laktiki, jamii ileile inayogandisha maziwa yawe mtindi na kuchachusha togwa. Harufu inabadilika, inakuwa kali na tamu kidogo, kama maziwa mgando.

Kati ya siku ya tano na ya saba (sehemu za baridi kama Njombe au Limuru inaweza kufika kumi) utaona inapanda mara mbili ya kimo chake ndani ya saa chache baada ya kuilisha. Dondosha kijiko kimoja kwenye glasi ya maji. Ikielea, iko tayari.

Kukanda mkate: unga gramu 500, chachu gramu 150, maji mililita 300, chumvi gramu 10. Kanda dakika 10 hadi donge livutike bila kukatika. Funika. Hamira ya dukani ingemaliza kwa saa moja. Hii itachukua saa nne hadi sita kwenye joto la pwani. Likishaumuka, kata kipande cha ukubwa wa yai, kiweke kwenye bakuli lenye kifuniko. Lililobaki liviringe, liache liumuke tena saa moja na nusu, uoke kwa nyuzi 220 dakika 35 hadi 40. Ukigonga chini ya mkate na ukasikia mlio wa kitu kilicho wazi ndani, umeiva.

Kile kipande cha ukubwa wa yai ndicho seori. Kitazame vizuri. Wiki ijayo utakichanganya na unga mpya, na utakata kingine, na kingine tena. Kila mkate utakaooka kuanzia leo una ndani yake kitu kilichotoka kwenye mkate uliotangulia.

Hatua ya tatu: soma ukiwa na mikate yote miwili mezani

Anza na 1 Wakorintho 5:6-8. Paulo anawaambia watoe chachu ya kale, wapate kuwa donge jipya. Kwa mtu wa hamira ya dukani, maneno "ya kale" yanapita bila uzito, kwa kuwa hamira yetu yote ni mpya, inatoka kwenye pakiti. Kwa mwenye donge la wiki iliyopita kwenye bakuli, maneno hayo yanachoma. Kutoa chachu ni kukata ule mnyororo: jana haitaingia kwenye unga wa leo. Waisraeli waliotoka Misri hawakubeba donge lililochacha la Misri. Naamini hapa ndipo penye moyo wa mkate usiotiwa chachu, na kwamba maana ya dhambi imejengwa juu ya maana hii.

Nenda Mathayo 16:6-12, ambapo Yesu anawaonya wanafunzi juu ya chachu ya Mafarisayo na Masadukayo, nao wanadhani anazungumzia mikate waliyosahau. Mathayo anafafanua kwamba ni mafundisho. Luka 12:1 anasema ni unafiki. Marko 8:15 anaongeza chachu ya Herode. Mifano yote inabebwa na tabia moja: kidogo, hakionekani, na kinageuza donge zima. Wagalatia 5:9 inasema hivyohivyo.

Sasa Mathayo 13:33. Ufalme wa mbinguni umefanana na chachu ambayo mwanamke aliisitiri ndani ya pishi tatu za unga. Pishi tatu hizo kwa vipimo vya Kiebrania ni zaidi ya lita 20, kilo 12 hivi za unga, mkate wa kulisha watu mia. Hapa tabia ileile ya chachu inasifiwa. Kama chachu ingekuwa dhambi na dhambi tu, Yesu asingeuweka ufalme wake humo. Jaribu kuitafuta chachu uliyoichanganya saa tatu zilizopita: huwezi kuitoa tena, imeshakuwa donge. Ndivyo lilivyo fundisho baya, na ndivyo ulivyo ufalme.

Upande wa sadaka, Walawi 2:11 inakataza chachu na asali zisiteketezwe juu ya madhabahu. Lakini Walawi 7:13 inaagiza mikate iliyotiwa chachu iambatane na sadaka ya shukrani, ingawa haichomwi motoni. Na Walawi 23:17 inaagiza mikate miwili ya Pentekoste iokwe na chachu. Usiiruke mistari hii kwa sababu inavuruga jibu ulilozoea.

Makanisa na mikate yao

Wakatoliki wa mapokeo ya Kilatini hutumia mkate usiochacha: ngano tupu na maji, bila chumvi wala mafuta. Hizo ndizo hostia, na mara nyingi huokwa na masista. Waorthodoksi hutumia mkate uliotiwa chachu, *prosfora*, uliopigwa muhuri wenye herufi IC XC NIKA, yaani Yesu Kristo anashinda. Mkate wa namna hiyo ndio wa Waorthodoksi wa Uganda na Kenya pia, ambao historia yao ilianza na Reuben Spartas Mukasa mwaka 1929. Waarmenia, ingawa ni wa Mashariki, hawatii chachu. Katika makanisa mengi ya Kiprotestanti utakuta desturi zote mbili.

Tofauti hii iliwahi kuwa ugomvi mkubwa. Mwaka 1053 Leo, Askofu Mkuu wa Ohrid upande wa Mashariki, aliandika barua kuwakosoa Walatini kwa mkate wao, na tarehe 16 Julai 1054 Kardinali Humbert, mjumbe wa Roma, akaweka hati ya kumtenga Patriaki Michael Cerularius, mkuu wa kanisa la Konstantinopoli, juu ya altare ya Hagia Sophia, Konstantinopoli. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Florence mwaka 1439 ulitamka kwamba mikate yote miwili ni halali, kila kanisa lifuate desturi yake.

Kila upande una hoja. Marko 14:12 inaiweka karamu ya mwisho katika siku ya kwanza ya mikate isiyotiwa chachu, basi mkate ule ulikuwa matsa. Lakini Yohana 18:28 inaonyesha kwamba asubuhi ya kesi ya Yesu Pasaka ilikuwa bado haijaliwa, na watu wa Mashariki huiona chachu kama uhai unaoinua unga, alama ya kufufuka. Mimi nabaki na mkate wa kanisa langu, lakini tangu nilee chachu kwenye chupa nimeacha kabisa kuusema vibaya mkate wa Mworthodoksi.

Ukipewa kazi ya kuandaa Meza ya Bwana

Muulize mchungaji au padri wako kabla ya kuchagua unga. Desturi ya kanisa inatangulia mapenzi ya mwokaji. Safisha meza, kibao na kijiti cha kusukumia kwa maji moto, maana mabaki ya unga wa maandazi hukauka kwenye nyufa za mbao. Oka siku moja kabla, uufunge kwa kitambaa safi na kikavu ukishapoa kabisa. Ukiufunga ukiwa moto utalainika. Kwa washiriki 100, kipimo nilichotoa juu kinatosha ukimega vipande vidogo. Mkate uliobarikiwa ukibaki, kanisani kwetu haurudi kwenye matumizi ya kawaida. Tunauchoma au kuufukia kwa heshima. Usiwape watoto wauchezee, hata kama ni vipande viwili.

Kutoka Pasaka hadi Pentekoste

Ukitaka kwenda hadi mwisho, mwaka ujao fanya hivi. Jioni kabla ya Pasaka toa chupa yako ya chachu na lile donge la kwenye bakuli, uvitupe vyote. Utaona uchungu, hasa kama umevilea mwaka mzima. Kula mkate mkavu siku saba. Siku ya nane chukua unga na maji, uanze upya, siku ya kwanza, ya pili, hadi ya saba.

Kisha hesabu. Siku saba za mikate isiyotiwa chachu zinaisha tarehe 21 ya mwezi wa kwanza wa Kiebrania, na kutoka hapo hadi Pentekoste ni wiki sita na siku chache. Mwisraeli aliyeleta hekaluni mikate miwili ya Walawi 23:17 aliileta ikiwa imeumuka kwa chachu, na ngano yake ilikuwa ya mavuno mapya. Na kwa kuwa chachu yote ya zamani ilikwisha kuondolewa nyumbani mwake wakati wa Pasaka, chachu iliyoinua mikate ile nayo haikuwa na umri zaidi ya wiki hizo sita na siku chache.